Wanawake Maharamia, Binti Swema, na Kalamu za Waandishi

Kabla ya Kwaresima iliyopita vijana watatu wa parokia yetu walitungoja mlangoni mwa kanisa baada ya Misa. Usiku uliotangulia walikuwa wametazama sinema nyumbani kwa jirani mwenye mashine ya umeme, na sinema ile ilikuwa juu ya maharamia wa baharini. Mmoja wao, msichana anayejitayarisha kwa Kipaimara, akatuuliza: “Mwalimu, ni kweli walikuwako wanawake maharamia, wenye kuvaa suruali na kushika bastola? Ama ni uongo wa sinema?” Tulimjibu kwamba walikuwako. Akauliza tena: “Basi, waliishi kama vile tulivyoona?” Hapo tulinyamaza, kwa maana hatukujua la kumjibu.

Sisi wa Kamina hatuna bahari. Tuna njia ya reli, nayo ndiyo iliyotuletea wageni, chumvi, samaki wa Bukama na habari za mbali. Mtu angesema: yatuhusu nini mambo ya maharamia? Lakini swali la binti yule lilitukaa moyoni kwa sababu nyingine, ambayo tutaieleza mwishoni kwa kuwa haitupi sifa. Tangu siku ile tulianza kutafuta, tukitumia Kifaransa tulichofundishwa seminarini na Kiingereza kidogo tulichojifunza wenyewe. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na yale yaliyo hakika. Mwezi wa Oktoba 1720, karibu na kisiwa cha Jamaika, chombo cha haramia mmoja aitwaye John Rackham kilikamatwa. Ndani yake walikuwamo wanawake wawili, Anne Bonny na Mary Read. Rackham alinyongwa tarehe 18 Novemba. Siku kumi baadaye wanawake wale nao walisimamishwa mbele ya baraza la hukumu. Walihukumiwa kunyongwa, ndipo waliposema kwamba wana mimba, na adhabu ikaahirishwa. Mary Read alikufa mwaka 1721 akiwa bado gerezani. Anne Bonny anatoweka katika hati kama moshi.

Maneno ya kesi ile yalipigwa chapa Jamaika mwaka uleule wa 1721. Ni karatasi kavu, zisizo na utamu. Mashahidi wachache walisema waliyoyaona. Mmoja alikuwa mwanamke jina lake Dorothy Thomas, aliyekuwa katika mtumbwi na vyakula vyake maharamia walipomkamata na kumnyang’anya. Alisema kwamba wanawake wale walivaa makoti na suruali ndefu za wanaume, wamejifunga vitambaa kichwani, kila mmoja ana panga na bastola, nao waliwatukana wanaume na kuwahimiza wamuue, asije akatoa ushuhuda baadaye. Wafaransa wawili waliokuwa wametekwa walisema kwamba wanawake hao walivaa mavazi ya kiume wakati wa kukimbiza chombo cha watu. Siku nyingine walivaa mavazi yao ya kike. Ni hayo tu, au karibu hayo tu. Kazi yao ya uharamia pamoja na Rackham katika safari ile ya mwisho haikufika hata miezi mitatu.

Twaomba msomaji amkumbuke Dorothy Thomas na mtumbwi wake wa vyakula. Yeye ndiye aliyenyang’anywa, naye ndiye aliyewaona kwa macho yake. Waandishi waliofuata hawakuwa na haja naye.

Mwaka 1724 kikatokea London kitabu kikubwa cha habari za maharamia, chenye jina la Kapiteni Charles Johnson. Jina hilo ni la kujifichia. Kwa muda mrefu watu walidhani mwenye kalamu alikuwa Daniel Defoe, yule aliyeandika habari za Robinson Crusoe. Wataalamu wengi wa siku hizi hawasadiki tena. Hata awe nani, alifanya kazi ya ajabu. Miaka minne tu baada ya kesi, wanawake wale wawili tayari wamepata wazazi, utoto, wachumba na vita. Mary Read amelelewa kama mtoto wa kiume kwa hila ya mama yake, amekuwa askari huko Flanders, ameolewa na askari mwenziwe, wakafungua nyumba ya wageni karibu na Breda, mume akafa, naye akarudia suruali. Anne Bonny amezaliwa Ireland, binti wa mwanasheria na mtumishi wa nyumbani, akapelekwa Carolina. Tena anamwambia Rackham gerezani neno kali la kumsuta kwa woga wake. Neno hilo lajulikana dunia nzima. Katika karatasi za kesi halimo.

Hatusemi ya kwamba Johnson alibuni yote. Pengine alizungumza na mabaharia waliorudi kutoka Jamaika. Lakini ukisoma karatasi za kesi, kisha ukasoma kitabu, waona kitu kinachofanyika pia hapa kwetu, mtu akisimulia habari za marehemu kwenye matanga: mashimo yote yamezibwa. Kila tendo limepata sababu yake tangu utotoni. Mwanamke aliyeshika panga baharini, ni lazima mama yake alikosa mahali fulani! Mwaka 1725 waliofasiri kitabu hicho kwa Kiholanzi waliongeza lao: wakawachora wanawake wale vifua wazi, ili mnunuzi asikose kuelewa ni wanawake. Aliyeona mavazi yao ni Dorothy, naye alisema makoti na suruali.

Sasa twafika karne ya 19, ambayo ndiyo hasa tuliyotaka kuisema. Mwaka 1837, mjini Boston katika Marekani, Charles Ellms alitoa kitabu cha maharamia kilichopendwa sana na vijana wa huko, kikapigwa chapa mara nyingi. Sehemu kubwa aliichota kwa Johnson. Hakwenda Jamaika, hakufungua karatasi za kesi. Lakini aliweka picha nyingi, na juu ya habari za Mary Read akaweka kichwa kinachotaja ushujaa wake. Picha moja yamwonyesha akimuua adui yake katika pigano la watu wawili. Pigano hilo nalo latoka kwa Johnson. Alisema Mary alipigana ili kumwokoa mwanamume aliyempenda. Basi mwanamke ambaye Dorothy alimsikia akitaka damu yake imwagwe, miaka 117 baadaye amekuwa shujaa wa mapendo, na watoto wa Boston wanamsoma kitandani.

Pamoja nao Ellms alimweka mwanamke wa China ambaye Wazungu walimwita Bibi Ching. Huyu alikuwa mkubwa kweli. Mume wake, Zheng Yi, alipokufa mwaka 1807, yeye alishika uongozi wa kundi la merikebu za kivita katika bahari ya Canton, watu maelfu kwa maelfu, kwa amri kali zilizoandikwa. Mwaka 1810, alipoona dola ya China yataka mapatano, alikwenda mwenyewe mjini Canton bila silaha, pamoja na wanawake na watoto, kuongea na mkubwa wa serikali, akapata msamaha na kubaki na mali yake. Mtaalamu mmoja wa China, Yuan Yonglun, alichapisha habari zake Canton mwaka 1830. Mwaka uliofuata Mjerumani aitwaye Neumann akazitoa London kwa Kiingereza. Kutoka huko zikaingia katika vitabu vingine.

Kuna jambo moja hapo lililotushangaza kuliko yote. Bibi Ching alikufa mwaka 1844. Maana yake ni kwamba Yuan alipoandika, Neumann alipofasiri na Ellms alipochapa, yeye alikuwa hai, mama mtu mzima mwenye kuendesha shughuli zake katika pande zilezile. Neumann mwenyewe alikuwa amefika Canton kununua vitabu. Hatuoni katika vitabu hivyo kwamba mtu alikwenda kumwuliza: Mama, mambo yalikuwaje?

Hapo ndipo mawazo yetu yalipoacha bahari ya China na kurudi pwani ya Afrika, kwa sababu tulikumbuka kitabu kingine, cha kwetu Wakatoliki.

Mwaka uleule wa 1837 ambapo kitabu cha Ellms kilitoka Boston, balozi wa kwanza wa Marekani alifika Unguja. Jina lake Richard Waters, mtu wa Salem, mji wa bandari ulio jirani na Boston. Wafanyabiashara wa Salem walileta Unguja kitambaa cheupe cha pamba, nacho kikaitwa merikani. Wazee wetu wa Katanga walikijua kitambaa hicho. Kilipita kwa misafara kutoka mkono hadi mkono mpaka Bunkeya kwa Msiri, kikawa kama fedha. Kwa kitambaa hicho mtoto mmoja wa kike alinunuliwa, na bei yake imeandikwa: mikono sita. Mtoto huyo ni Swema.

Tueleze kwanza mahali na watu. Mwezi wa Desemba 1860 Padre Fava aliwasili Unguja kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na mapadre wengine na masista, akaanza misheni yenye hospitali na nyumba ya watoto. Mwaka 1863 kazi ilishikwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, mkubwa wao akiwa Padre Antoine Horner, ambaye baadaye aliianzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kuutia sahihi. Karibu na mwaka 1865 msichana mdogo, mwenye umri wa miaka kumi hivi, aliletwa kwa masista akiwa karibu ya kufa. Alipopona alisimulia habari zake. Padre Horner akaziandika kwa Kifaransa. Kisha Monsinyori Gaume, mwandishi mashuhuri wa vitabu vya dini, akazitoa Paris mwaka 1870 kama kitabu, juu yake yakiwa maneno ya kwamba ni habari za mtumwa mdogo wa Kiafrika aliyezikwa hai. Kitabu kiliwekwa wakfu kwa wasichana Wakristo.

Habari zenyewe ni hizi. Swema alizaliwa katika nchi ya Wayao. Baba yake alikuwa mwindaji, akauawa na simba. Nzige wakala mashamba, njaa ikaingia, ndugu zake wakafa. Mama akabaki na mtoto mmoja. Akakopa mtama kwa jirani apate mbegu na chakula, mavuno yakakosa, deni likabaki. Siku moja msafara wa Waarabu ulipita. Mdai akaingia nyumbani, akamshika mtoto mbele ya mashahidi, akamwuza kwa ile mikono sita ya merikani. Mama akaomba wamchukue na yeye pia, atabeba mzigo bure, mradi asiachane na mwanawe. Wakakubali, wakampa pembe ya ndovu. Njiani nguvu zikamwishia, na mtu asiyeweza kubeba hakupewa chakula. Wakamwacha kando ya njia, na mtoto akasukumwa mbele.

Walipita Kilwa, wakapanda jahazi, wakafika Unguja. Swema hakuwa na thamani tena. Alionekana kama maiti. Mwenye mali akaona hasara. Wakamfunga katika jamvi, wakamzika makaburini katika shimo fupi. Usiku kijana mmoja wa Réunion aliyekuwa akipita huko alisikia sauti ya kuugua kutoka mchangani, akafukua, akamchukua mabegani mpaka misheni.

Kitabu hakiishii hapo. Baadaye Mwarabu mwenye jeraha aletwa katika hospitali ya misheni, na Swema, ambaye sasa anawasaidia masista kuuguza, anamtambua: ndiye aliyemwacha mama yake njiani. Sista amwagiza amfunge jeraha lake. Swema akataa, akimbilia kanisani, apigana na moyo wake, mwisho arudi na kumsamehe. Ndipo aonekana kuwa tayari kwa Ubatizo.

Tulipokisoma mara ya kwanza, tukiwa seminarini, tulilia. Hatuoni haya kusema hivyo. Tulipokisoma tena mwaka huu, baada ya swali la msichana yule, tulisoma kwa jicho jingine, tukiwa na Mary Read pembeni.

Tazameni mahali ambapo kalamu yakimbia na mahali ambapo yatembea polepole. Pigano la moyoni na msamaha vina nafasi kubwa, na mtoto wa miaka kumi, Myao, aongea kama mnovisi wa Ufaransa aliyemaliza mafungo. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi wa kitabu alikuwa msichana wa Ufaransa, ambaye Monsinyori Gaume alitaka aguswe, asali, atoe sarafu yake kwa ajili ya kuwakomboa watoto. Hilo si jambo baya. Kwa sarafu hizo watoto wengi walikombolewa kweli, na ni nani kati yetu atakayewacheka? Lakini yatupasa kukubali kwamba Ellms wa Boston na Monsinyori wa Paris, ingawa nia zao zilikuwa mbali kama mashariki na magharibi, waliujua ufundi mmoja: kila mmoja alimvika mwanamke vazi ambalo msomaji wake alilitaka. Vijana wa Boston walitaka shujaa mwenye bastola. Wasichana wa Paris walitaka mtakatifu mdogo mwenye machozi.

Hata hivyo kitabu cha Swema chapita cha Mary Read kwa jambo moja kubwa. Aliyesimulia alikuwepo. Padre Horner aliishi naye misheni moja, naye alimsikiliza. Ndiyo maana, katikati ya maneno ya kinovisi, zimebaki punje ambazo Mfaransa hakuweza kuzibuni akiwa mezani kwake. Mtama wa kukopa. Mdai aliyeita mashahidi ili unyang’anyi wake uonekane ni haki. Mama aliyejitoa kuwa mpagazi wa bure. Kipimo cha kitambaa. Mwaka 1983 mwanahistoria Mmarekani, Edward Alpers, aliyatoa maneno ya Swema kwa Kiingereza na kuyachunguza, naye alitazama hasa punje hizo. Aliuliza kilichomfanya mwanamke asiye na mume wala ndugu kuwa windo jepesi katika nchi ya misafara. Katika kitabu cha Paris mwovu ni Mwarabu peke yake. Katika punje alizoziacha Swema, aliyeanza ni jirani, mtu wa kijiji kilekile, mwenye ghala. Swema mwenyewe hakumficha. Wasomaji ndio waliopita haraka.

Katika kitabu kilekile cha wataalamu cha mwaka 1983 kuna mwanamke mwingine, tena huyu ni wa kwetu, Mluba. Jina lake Bwanikwa. Habari zake ziliandikwa na mmisionari wa Kiprotestanti wa upande wa Garenganze, Dugald Campbell, na kupigwa chapa Glasgow mwaka 1916. Kichwa cha kitabu kilitangaza kwamba alikuwa mtumwa mara kumi, mwishoni akawekwa huru. Alitolewa na baba yake mwenyewe, ili kulipa deni la kifo cha mke mwingine, deni ambalo wakwe walilidai kwa desturi. Wazee wetu watalielewa jambo hilo bila kuelezwa. Toka hapo alipita mikono mingi, akafika mpaka Bunkeya siku za Msiri, akatoroka, akashikwa, akatoroka tena.

Campbell aliona katika maisha hayo mkono wa Mungu ukimvuta kwenye uhuru wa Injili, nasi hatuna ugomvi na hilo. Lakini uhuru wenyewe ulipatikanaje? Mume wake wa mwisho, Kawimbe, alikuwa amemnunua. Walikuwa Wakristo, waliishi kwa amani, naye bado alikuwa mtu aliyenunuliwa. Bwanikwa akafanya kazi, akaweka akiba kidogo kidogo, na siku moja akamlipa mume wake bei yake mwenyewe. Mwanahistoria Marcia Wright, aliyeyasoma upya maisha yake, hakumwona kuwa mtu aliyekaa akingoja kuokolewa. Alimwona mama mwenye hesabu zake, aliyejua kwamba mke aliyenunuliwa akigombana na mume hana kwao pa kurudi. Neno “akawekwa huru” juu ya jalada la kitabu lampa mwingine kazi aliyoifanya yeye.

Sasa tuseme lile la kwetu. Miaka michache iliyopita parokia moja ya pande hizi ilifanya jubilei, nasi tuliombwa kuandika kijitabu chenye maisha ya Wakristo wa kwanza waliobaki hai. Kati yao alikuwako nkambo mmoja, mjane, ambaye jina lake hatulitaji. Tulikaa naye mchana mmoja chini ya mwembe wake. Alituambia mengi. Tulirudi nyumbani, tukaandika ukurasa mzuri: jinsi alivyobatizwa msichana, jinsi alivyofiwa na mume aliyekuwa mfanyakazi wa reli, jinsi alivyowalea watoto sita kwa sala na jembe, hata mmoja akawa mwalimu. Kijitabu kikapigwa chapa, kikauzwa siku ya sherehe. Watu walikisifu ukurasa ule kuliko kurasa zote.

Wiki iliyofuata tulimpelekea nkambo nakala yake. Hajui kusoma, tukamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, kisha akasema: “Mwanangu, mama huyo ni mtu mwema sana. Lakini mimi simfahamu.”

Tulijua mara moja alichomaanisha. Watoto wale sita hawakulelewa kwa jembe. Shamba lilikuwa la ndugu za marehemu, nao walilichukua siku arobaini baada ya mazishi, pamoja na baiskeli na cherehani. Alilea watoto kwa kupika lutuku. Alipika usiku, aliwauzia wanaume wa reli, polisi walimshika mara mbili, na kwa miaka kadhaa hakukaribia Komunyo, akikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Yote hayo alituambia chini ya mwembe, wazi, bila kushusha macho. Sisi ndio tulioshusha. Tuliogopa kwamba kijitabu cha jubilei kitachafuka, na kwamba wale wakwe, ambao wengine ni watu wa mbele kanisani, watakasirika. Tukaweka jembe mahali pa chungu cha lutuku. Ellms hakufanya zaidi ya hapo.

Na wale wakwe walipita salama, kama jirani mwenye ghala ya mtama.

Hatukumpa jibu la maana siku ile. Tulisema tu kwamba kitabu kimekwisha chapwa. Yeye alicheka kidogo, akatupa maembe ya kupeleka kwa mke wetu. Lakini baada ya swali la msichana wa Kipaimara tulirudi kwake na daftari jipya, tukaomba radhi, tukamwomba aanze tena, nasi tutaandika kwa maneno yake na kumsomea kila jioni kabla ya kwenda zetu. Paroko tulimwambia mapema, asije akasikia kwa wengine. Alifikiri siku mbili, kisha akasema tuandike, na juu ya kuchapa tutazungumza baadaye pamoja na nkambo mwenyewe. Kuhusu majina ya wakwe, nkambo ameamua yasiwekwe. Ameyaamua yeye.

Msichana yule tulimpeleka pamoja nasi, ashike kalamu macho yetu yakichoka. Aliuliza maswali ambayo sisi hatukuthubutu: kama aliogopa polisi, kama watoto walijua, kwa nini alirudi kanisani. Nkambo alimjibu yote. Juu ya polisi alisema waliogopesha mara ya kwanza tu. Mara ya pili mmoja wao alikuwa mnunuzi wake.

Jioni ya tatu tulifika kwenye chungu. Binti akaandika kwamba mama aliuza pombe ili kulisha watoto, akasoma kwa sauti. Nkambo akainua mkono kumzuia.

“Andika bei,” akasema. “Kikombe kimoja, makuta matano. Na mwisho wa mwezi niliwakopesha. Andika hilo pia, kwa maana wengine hawajanilipa mpaka leo.”